Jani la Isale kwenye Glasi ya Mwalimu

Tuliokuwepo ofisini kwa mwalimu mkuu siku ile niwataje kabisa, wasije wengine wakasema nimewasahau. Babu Lukasi, baba yake baba yangu, ndiye aliyelibeba jani. Mama yangu Apolonia alikuwa nyuma yake. Mimi Filomena, darasa la pili, nilibeba kibuyu cha maziwa. Upande wa shule alikuwepo mwalimu mkuu mwenyewe, Mwalimu Zakayo, mgeni kwetu, mtu wa mbali. Na alikuwepo Mwalimu Proti, huyu wa hapohapo kwetu Old Moshi. Mama yake alizaliwa ukoo mmoja na babu yangu, kwa hiyo sisi ni wajomba zake kabisa. Ambaye hakuwepo ni yule tuliyekwenda kwa ajili yake, kaka yangu Aloisi wa darasa la saba. Yeye alikuwa amejificha kwa shangazi Gaudensia, ng'ambo ya mto.

Sikuwa na nia ya kuyasema haya. Lakini juzi, hapa Rau ninapokaa na binti yangu, mjukuu wangu Doreen alirudi shule, akavua viatu, akachukua kisu cha jikoni akaenda moja kwa moja kwenye mpera.

"Unakata nini, Doreen?"

"Fimbo, bibi. Tumeambiwa kila mtu aje nazo mbili."

"Za nini?"

"Za kutuchapia." Akacheka. "Wajanja wanaleta mbovu, bibi. Zikivunjika, ticha anachoka mapema."

Akaketi kizingitini, akaanza kuzimenya. Ile harufu ya ganda bichi la mpera, ninyi wenzangu wa umri wangu mnaijua, inafanana na ya tunda lenyewe lakini ina uchungu ndani. Ilinijia puani. Nikajikalia chini hapohapo kwenye ngazi. Doreen akadhani ni presha, akamwita mama yake. Haikuwa presha. Nilishtuka tu kwamba fimbo ile bado inakatwa, na anayetumwa kuikata ni yuleyule wa kuchapwa, na anaimenya huku anacheka.

Sisi tulikuwa na mfongo. Mtoto wa siku hizi akisikia mfongo anauliza ni nini, basi niseme: ni mfereji wa maji uliochimbwa na wazee wa zamani sana, unatoka juu msituni unapita kwenye vihamba vyote, yale mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, na kila ukoo una zamu yake ya kuyaelekeza maji kwenye migomba yake. Zamu yetu iliangukia alfajiri. Ukikosa kufika, wazee wa mfongo wanakutoza faini ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na maji yanakwenda kwa mwingine hadi zamu irudi. Baba yangu Melkiori alikuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Babu alikuwa na magoti mabovu. Aliyebaki ni Aloisi. Siku ya maji aliamka kabla jogoo hajamaliza kuwika, akaenda na jembe, akafungua, akaziba kwa magome ya mgomba na udongo, akasimama ndani ya maji yale ya barafu hadi kihamba kimeshiba. Halafu ndipo akimbie shule, magoti yana matope, shati analivaa njiani.

Mwalimu Zakayo hakutaka kusikia habari ya maji. Alipokuja alikuta shule ina utoro na uchelewaji, nasema kweli, vilikuwepo. Akasema yeye ataunyoosha mti ungali mbichi. Sheria yake ilikuwa moja: kengele ikilia hujafika, fimbo. Mama alikwenda kumweleza. Akajibiwa kwa adabu, "Mama Aloisi, mfongo una wazee wake, na shule ina wazee wake." Basi kila siku ya maji Aloisi alichapwa. Alizoea. Alikuwa akinitania, "Mena, leo nimekunywa maji, sasa naenda kula nyama," maana yake fimbo za makalio. Tulicheka. Watoto hucheka chochote.

Siku yenyewe alikuwa ameumia kiganja. Jembe lilichomoka mpinini kulekule kwenye mfongo, likamchana hapa, chini ya kidole gumba. Mama alimfunga kwa kitambaa. Darasa letu na la saba yalitenganishwa na ukuta usiofika juu, na madirisha hayakuwa na vioo, kwa hiyo nilisikia yote, na kilichobaki nilikiona kwa kutoka nje kuchungulia dirishani pamoja na Rozalia na Theofili, hadi mwalimu wetu naye akaja kuchungulia.

"Nyoosha mkono," Mwalimu Zakayo alisema.

Aloisi akanyoosha wa kushoto.

"Huo mwingine."

"Mwalimu, huu una kidonda. Naomba unipige mguuni."

Darasa likacheka. Aloisi hakusema kwa mzaha, lakini ndivyo ilivyosikika, mtu anajichagulia mahali pa kupigwa kama anayechagua nyama buchani. Mwalimu Zakayo akakasirika, akaishusha fimbo palepale penye kitambaa. Na Aloisi akaidaka.

Hakumpiga mwalimu. Nitasema hivi hadi nizikwe. Aliidaka fimbo kama mtu anavyodaka kitu kinachomwangukia, akabaki ameishika.

"Achia!"

"Naomba, mwalimu."

"Nasema achia!"

Mwalimu akavuta kwa nguvu, Aloisi akaachia. Ndipo mwalimu mkuu akaenda kinyumenyume, akagonga dawati la Venansi, akaanguka, mdomo ukapasuka. Safari hii darasa halikucheka kidogo. Lilicheka hadi kina Rozalia nje wakacheka. Aloisi akainama kumwinua, Mwalimu Zakayo akamsukuma kwa mguu, damu kidevuni, akasema, "Wewe utaozea jela." Aloisi akatoka kwa dirisha.

Nimefikiri sana tangu juzi. Sidhani kwamba ni mdomo uliomuuma yule mwalimu. Ni kile kicheko.

Jioni Babu Lukasi aliitisha kikao jikoni, kikao cha watu watatu na mbuzi wawili. Mama alikuwa analia na kukoroga mtori wa ndizi kwa wakati mmoja. Babu akasema, "Kesho asubuhi nakwenda na isale."

Wenzangu wa mlimani sina haja ya kuwaeleza, lakini wapo wa Njoro na wa mjini watakaosoma. Isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mpakani mwa kihamba. Mkigombana, hata kama mmefikia kumwaga damu, mmoja akilikunja fundo akamletea mwenzake, mwenzake akilipokea kwa mikono, maneno yamekwisha. Hakuna anayelipokea isale halafu akaendelea na ugomvi. Hakuna. Mimi nilikuwa mtoto, na nililijua hilo kabla sijajua kuhesabu.

Mama akapinga. "Baba, kwa nini sisi ndio tupeleke? Mtoto hajampiga mtu. Tukipeleka si tutaonekana tumekosa?"

"Apolonia," Babu akasema, "umeolewa hapa na bado hujui? Isale halibebwi na mwenye kosa. Linabebwa na anayetaka kulala usingizi."

"Yule si Mchagga."

"Ana macho. Ana mikono. Proti yupo, atamwambia."

Basi asubuhi Babu akavaa koti lake. Lile koti lilikuwa la sufu, jeusi, la kanisani na la misibani tu, na alilipenda kuliko alivyotupenda sisi. Alilipiga brashi kwa gunzi la mahindi. Mama akamwambia kwa uchungu wake, "Unakwenda kuomba amani au kuoa?" Babu akajibu, "Vyote vinataka koti." Nikapewa kibuyu cha maziwa, tukashuka.

Mwalimu Zakayo alimwamkia babu vizuri. "Shikamoo, mzee." Mdomo ulikuwa umevimba, maneno yanatoka upande mmoja. Babu akaitikia, akatoa isale ndani ya koti, jani bichi lenye fundo katikati, akalinyoosha kwa mikono miwili huku ameinama, na magoti yale mabovu. Hakusema neno, kwa sababu mbele ya isale mtu hasemi mengi.

Mwalimu Zakayo akamgeukia Mwalimu Proti. "Hili ni nini?"

Mwalimu Proti alikuwa amesimama karibu na kabati la chaki. Akakohoa. "Ni desturi yao ya kuomba msamaha, mkuu."

Yao. Mtoto aliyenyonya kwa mama wa ukoo wetu. Mama aligeuka akamtazama, naye akaanza kupanga chaki.

Lakini mwalimu mkuu alilipokea. Kwa mikono miwili alilipokea! Akasema, "Asante, mzee. Nimeona mmekuja kiungwana." Kisha akafanya jambo ambalo sijapata kuliona tangu nizaliwe. Mezani kulikuwa na glasi ya maji ya kunywa. Akalitia isale ndani yake, likasimama kama ua la altareni. Nikasema moyoni, huyu mtu anaheshimu isale kuliko sisi sote. Sisi tunalichomeka kwenye nyasi za paa, yeye kalitia majini lisinyauke.

"Mtoto arudi lini?" Babu akauliza.

"Kesho. Aje mstarini kama wengine. Mtihani umekaribia."

"Aika," Babu akasema, akasahau kusema kwa Kiswahili. "Asante, mwalimu wangu."

Njiani kurudi Babu hakuchechemea. Mama alicheka peke yake mara nyingi, akajifuta macho kwa kitenge, akasema, "Proti atanikoma, lakini si leo." Nikatumwa ng'ambo ya mto, nikamkuta Aloisi darini kwa shangazi Gaudensia, katikati ya mikungu ya ndizi.

"Amelipokea?" akaniuliza kabla sijapumua.

"Amelipokea! Na amelitia kwenye maji!"

"Kwenye maji? Kwa nini?"

"Lisife."

Akafikiri kidogo. Akasema, "Basi ni mtu mzuri." Shangazi naye akasema ni mtu mzuri. Usiku huo tulikula mtori wenye nyama, Aloisi akafua shati lake kwa sabuni ya kipande, akalikausha juu ya figa, akaomba pasi ya mkaa kwa jirani. Alikuwa na akili ya hesabu. Baba alikuwa ameahidi kwamba akifaulu atapelekwa sekondari hata kama itabidi auze ndama. Hilo ndilo lililokuwa linapikwa nyumbani kwetu siku zile zote, Aloisi afike kwenye mtihani. Hakuna lingine.

Asubuhi tulipanga mistari kama kawaida. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha uwanja na utelezi, mlima uko wazi juu yetu, mweupe. Mbele, kando ya mwalimu mkuu, alisimama askari polisi. Kaptula ya kaki imenyooka, soksi ndefu, baiskeli yake imeegemea mlingoti. Nilikuwa sijawahi kumwona askari karibu hivyo. Nikamnong'oneza Rozalia, "Amekuja kushuhudia." Kwetu isale linapopokelewa ni vizuri awepo shahidi kutoka nje ya ukoo. Niliona shule yetu imeniheshimu mimi na babu yangu na koti lake.

Mwalimu Zakayo alimwita Aloisi mbele. Alikwenda haraka, shati jeupe, kitambaa kipya mkononi. Mwalimu akaingia ofisini akatoka na ile glasi. Akaliinua isale, maji yanadondoka.

"Mnaliona hili jani? Hili limeletwa na mzee wake huyu kijana. Wazazi wake wenyewe wamekuja kwangu wakakiri kwamba mtoto wao amempiga mwalimu. Hawakubisha. Sasa kama wazazi wamekiri, mimi nani nimtetee? Mwalimu Proti ni shahidi." Akamgeukia yule askari. "Afande, huyu hapa."

Nilingoja amalize mzaha. Kweli kabisa, nilingoja. Hata askari alipomshika Aloisi mkono, palepale penye kidonda, na Aloisi akapiga ukelele kidogo, mimi bado nilikuwa nangoja mwalimu acheke. Aloisi aligeuka akamtafuta Mwalimu Proti kwa macho. "Mwalimu, mwambie," alisema. "Mwambie isale maana yake nini." Kwa Kichagga alisema, na Kichagga kilikuwa na fimbo zake pale shuleni. Mwalimu Proti akatazama mlingoti.

Mahakamani sikuwepo. Haya niliyapata kwa mama, na mama alikuwa akiyarudia hadi uzeeni, sauti ya hakimu akiifanya nzito.

"Mzee, ni wewe uliyekwenda kuomba msamaha?"

"Ni mimi."

"Kwa kosa gani?"

"Mheshimiwa, sikwenda na kosa. Nilikwenda na isale."

Watu wakacheka.

"Mzee, jibu swali. Kijana alimpiga mwalimu?"

"Hakumpiga."

"Sasa msamaha wa nini?"

Mama anasema Babu alisimama na lile koti, akaanza kufunga vifungo vyake. Alikuwa na jibu, lakini lilihitaji watu waliozaliwa mlimani, na mle ndani aliyezaliwa mlimani na kuruhusiwa kusema alikuwa Mwalimu Proti, aliyekuja upande wa pili. Proti alipoulizwa kama mzee alileta jani la msamaha, alisema ndiyo. Hakuongopa.

Aloisi akapelekwa shule ya maadilisho, mbali huko, safari ya kulala njiani. Mimi nilisikia neno shule. Nikawaambia wenzangu kwamba Aloisi amechaguliwa, amekwenda kusoma mbali, wanakokwenda wenye akili. Nilitamba nalo siku nyingi, Theofili akanizomea, "Kachaguliwa na polisi!" nikampiga ngumi. Aliyenieleza ukweli ni shangazi Gaudensia, taratibu, tukiwa tunakata majani ya ng'ombe. Mama hakunirudisha shule baada ya hapo. Alisema amekwisha kutoa mmoja. Ndiyo maana kusoma kwangu ni kwa kubahatisha.

Kabla ya huko Aloisi alikuwa amekaa mahabusu pamoja na watu wazima, wezi ambao wizi ndiyo kazi yao. Kulikuwa na mmoja wakimwita Kijiko. Aloisi hakupata kumsema vibaya. Alisema Kijiko ndiye aliyempa nusu ya blanketi lake. Alipofungua kinywa kutuambia hayo alikuwa amerudi, mrefu, sauti nzito, haangalii mtu usoni. Mama alikuwa amepoteza ufunguo wa sanduku lake. Aloisi akaokota msumari, akauingiza kwenye kufuli, kufuli likafunguka kama limeombwa. Mama akacheka. Halafu akaacha kucheka. Tukabaki tunatazama lile kufuli mkononi mwake, na yeye akatuona tunavyotazama.

Baada ya hapo, kuku akipotea, sufuria ikipotea, kamba ya mbuzi ikipotea, watu walipitia kwetu kwanza. Walikuja na adabu, "Hodi hapa, mama Aloisi, tulikuwa tunapita tu." Aloisi alikuwa akitoka nje mwenyewe, anageuza mifuko bila kuombwa. Nakumbuka mara moja alimwambia Mzee Manase wa mfongo, "Baba, tafuteni vizuri, maana nimechoka kuwa mwizi bila kitu cha kuuza." Mwaka haukwisha. Ghala la kahawa lilifunguliwa kwa msumari, na hiyo ilikuwa kazi yake kweli. Akaenda gerezani, akatoka, akarudi. Maisha yake yote akaingia na kutoka humo. Babu Lukasi hakupeleka tena isale kwa mtu yeyote, hata alipogombana na ndugu yake wa tumbo moja. Walikufa hawasemeshani. Aloisi alipotoka mara ya mwisho alikaa nami hapa Rau masika moja tu, tukamrudisha nyumbani mlimani kumzika.

Mwalimu Zakayo alihamishwa, sijui alikokwenda, na nadhani alikwenda akiamini ametenda haki. Hilo ndilo linalonishtua hadi leo kuliko kama angekuwa mwovu. Mwalimu Proti alikuja kwenye mazishi ya Aloisi, mzee, na mkongojo. Alisimama mbali, karibu na migomba. Sikumfukuza.

Sasa naomba jambo kwenu, mliokuwa mistarini asubuhi ile, au mliosimuliwa na wakubwa zenu. Askari alipompandisha Aloisi mbele kwenye bomba la baiskeli wakaanza kuteremka, nakumbuka Mwalimu Zakayo alisema, "Mpigieni mwenzenu makofi." Na nakumbuka shule nzima ilipiga. Rozalia, Theofili, Venansi, Anjelina wa mzee Josefu, mapacha wa Kondradi, walimu, wote, makofi ya kufunga shule. Naweza kuwataja mstari kwa mstari waliosimama pale. Lakini mimi ni mzee, na nilikuwa mdogo, na machozi yalinizuia kuona mistari ya nyuma. Kama nimekosea nisahihisheni. Kama yupo hata mmoja aliyeiacha mikono yake ikining'inia, tafadhali nileteeni jina lake.